Mrudishe Kliniki Akiwa Mzima

Kijitabu kwa wazazi na walezi wa watoto waliotoka wodi ya uangalizi maalumu wa watoto wachanga

Siku daktari anapoandika ruhusa, familia nzima hushusha pumzi. Mtoto aliyezaliwa njiti, au aliyezaliwa amechoka akachelewa kulia, au aliyepata maambukizi ya damu, sasa ananyonya, anapumua bila oksijeni na uzito wake unapanda. Kwa vigezo hivyo ndipo anaruhusiwa, na ni habari njema kweli. Lakini vigezo hivyo vinajibu swali moja tu: je, anaweza kuishi nje ya wodi? Kama anaona vizuri, kama anasikia, kama ubongo wake ulipata madhara, bado havijasema. Majibu hayo huja baadaye, kila moja kwa wakati wake, na mengi huja huku mtoto akionekana hana neno. Ndiyo maana tunashikilia jambo moja: mtoto huyu arudishwe kliniki kwa tarehe aliyopangiwa, akiwa mzima, bila kungoja augue.

Tuanze na macho, kwa sababu hapo muda ni mfupi kuliko kwingine kote. Mishipa ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hukamilika ujauzito unapokaribia kutimia. Mtoto anapozaliwa kabla ya hapo, mishipa hiyo inaweza kuanza kuota ovyo, hasa kama alipewa oksijeni nyingi isiyodhibitiwa vizuri. Ikiendelea, huacha makovu yanayovuta retina mpaka ing'oke, na mtoto akapofuka. Ugonjwa huu hauumi, hautoi tongotongo, wala haubadilishi sura ya jicho mapema. Mboni ikianza kuonekana nyeupe, mara nyingi nafasi ya kuokoa uoni imekwishapita. Njia ya kuugundua ni daktari wa macho kutanua mboni kwa dawa ya matone na kuchungulia ndani, na kipimo cha kwanza hufanyika takribani wiki 4 baada ya kuzaliwa. Mtoto atalia, ndiyo, lakini ni kwa dakika chache. Ikionekana anahitaji tiba ya mionzi ya leza au sindano, ifanyike ndani ya siku 2 au 3. Mzazi anayesema atakwenda mwezi ujao huenda akakuta mwezi ujao hauna tena kazi.

Tazama sasa tarehe hiyo inaangukia wapi. Wiki 4 ni ndani ya arobaini, siku ambazo katika familia nyingi, Pwani na hata bara, mama na mtoto hawatoki nje. Bibi na mashangazi wanahofia upepo, baridi na jicho la hasidi, na kwa mtoto mdogo namna hii hofu ya baridi ina msingi wa kweli kabisa. Hatusemi arobaini iachwe. Imewapumzisha wazazi wengi waliokuwa wamechoka. Tunachosema ni kwamba arobaini haikumzuia mtu kumpeleka mgonjwa hospitali, na mtoto huyu ana miadi ya hospitali. Akifungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwani kofia na juu kanga, hatapigwa na baridi njiani. Wakwe na mabibi waelezwe jambo hili mapema, kabla ya mtoto kufika nyumbani, maana mara nyingi neno lao ndilo linaloamua nani atoke na lini.

Pingamizi linalosikika zaidi ni hili: kila mtoto ana wakati wake, usimharakishe. Lina ukweli, na ukweli huo una hesabu yake. Mtoto aliyezaliwa wiki 8 kabla ya wakati, akiwa na miezi 6, apimwe hatua zake kama mtoto wa miezi 4. Hesabu hiyo hutumika mpaka afike miaka 2. (Chanjo hazimo humo: za wiki 6, 10 na 14 zinahesabiwa tangu siku aliyozaliwa.) Lakini ukishamrekebishia umri na bado shingo haikazi kwenye miezi 4, au miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, hapo kungoja ni kumpotezea muda. Mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa kabla ya miezi 6, na mazoezi huanza wakati ubongo bado unajifunza kwa kasi. Masikio ndiyo yanayoidanganya familia zaidi, kwa kuwa hata mtoto asiyesikia hutoa sauti na kubwabwaja miezi ya mwanzo. Watoto waliopata manjano kali, homa ya uti wa mgongo au dawa kama gentamaisini wako katika hatari ya kutosikia. Inafaa tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3 na msaada uanze kabla ya miezi 6. Msaada upo: Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusikia tangu 2017.

Wengine husema huduma ya kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, inatosha, mama akambebe nyumbani tu. Kumbeba nyumbani ni jambo kubwa: utafiti wa India uliochapishwa 2019, uliohusisha zaidi ya watoto 8,000 wenye uzito pungufu, ulionyesha kuwa familia zilizofundishwa kangaroo nyumbani zilipoteza watoto wachache zaidi. Ila ikumbukwe njia hii ilivyoanza. Dkt. Edgar Rey Sanabria aliianzisha Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na ilisimama juu ya mambo matatu: kifua cha mama, maziwa ya mama, na kuruhusiwa mapema kwa sharti la kurudi kuchunguzwa kwa karibu. Anayechukua mawili ya kwanza akaacha la tatu hafuati kangaroo iliyofanyiwa utafiti.

Limebaki suala la nauli, na hili si kisingizio. Sera ya Tanzania inasema watoto walio chini ya miaka 5 watibiwe bure katika vituo vya serikali, lakini basi halina msamaha, na madaktari wa macho wanaoweza kipimo hiki wako zaidi hospitali kubwa. Jukumu la kuwasogeza ni la serikali, asitupiwe mama. Wakati huo, familia igawe safari kwa akili. Uzito, mzunguko wa kichwa, chanjo na matone ya madini ya chuma, ambayo njiti huhitaji kwa kuwa akiba yake huwekwa miezi ya mwisho ya ujauzito, vyote vifuatiliwe zahanati ya karibu kwa maelekezo ya daktari. Nauli ya mbali iwekwe kwa ajili ya macho na masikio, na hospitali iombwe kupanga vipimo hivyo siku moja inapowezekana.

Kuna dalili zisizongoja tarehe yoyote: kukataa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea, joto kufika 37.5 au kushuka chini ya 35.5, viganja na nyayo kuwa njano, utosi kuvimba, mtoto kulegea. Kwa hizo nenda kituo cha karibu saa ileile, hata usiku.

Kwa yote mengine, kabla hujabeba mizigo kutoka wodini, muulize muuguzi macho yatapimwa lini na wapi, masikio lini na wapi. Asipokuwa na jibu, muulize daktari. Usiondoke mpaka tarehe hizo ziwe zimeandikwa kwenye kadi ya mtoto.