Mgonjwa wa Akili Arudipo Nyumbani

SOMO: Marko 5:1–20

Katika somo hili twamwona mtu aliyekaa makaburini, ambaye wenzake walijaribu kumfunga kwa minyororo wasifaulu. Alipopona alitaka kufuatana na Bwana, lakini alitumwa nyumbani kwa watu wake. Basi tujiulize: mgonjwa wa akili akirudi nyumbani, ni nani atakayemtunza?

Tuchukue mfano wa New York, Marekani. Januari 1999 binti mmoja, Kendra Webdale, alisukumwa mbele ya treni akafa. Aliyemsukuma aliugua skizofrenia, naye alikuwa ameacha dawa. Lakini tusisahau kwamba kabla ya hapo yeye mwenyewe alikwenda hospitali mara nyingi kuomba msaada, akarudishwa mitaani.

Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Kendra. Kwa sheria hiyo, mahakama yaweza kuamuru mgonjwa atibiwe huku akikaa kwake, badala ya kufungiwa hospitalini. Daktari humpima kwanza, mgonjwa hupewa wakili, na mpango wa matibabu huandikwa. Asipoufuata, aweza kupelekwa hospitali na kuangaliwa kwa muda usiozidi saa 72. Hata hivyo, amri hiyo peke yake hairuhusu mtu kumnywesha dawa kwa nguvu.

Je, amri yatosha? Huko Uingereza, ambako amri ya namna hii hutolewa na madaktari, wagonjwa 336 walichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wengine waliwekwa chini ya amri, wengine walipewa ruhusa ya muda tu ya kutoka hospitalini. Katika mwaka mmoja, makundi yote mawili yalirudi hospitalini sawasawa: watu 36 katika kila 100.

Hapa twajifunza jambo moja. Amri yaweza kumfikisha mgonjwa mlangoni pa kliniki, lakini haiwezi kumpa jirani. Yule wa New York alibisha hodi mwenyewe, akakosa wa kumpokea. Kazi ya kupokea ni yetu sisi: kumsindikiza siku ya dawa, kumwachia nafasi kanisani, na kuacha kumwita “kichaa” mbele ya watoto.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini Bwana alimtuma mtu huyu kwao?
2. Ni lini yafaa kumlazimisha mgonjwa atibiwe, na nani amtetee?
3. Katika mtaa wetu, ni nyumba gani inayomwuguza mgonjwa wa akili peke yake? Nani ataitembelea wiki hii?