Upasuaji wa Dharura: Familia Iwe Imeshaamua

Daktari akisema mama apasuliwe sasa hivi, muda umeshaanza kwenda. Mwongozo wa Uingereza, unaofuatwa na wengi, unataka mtoto atolewe ndani ya dakika 30 iwapo uhai uko hatarini papo hapo: kitovu kimetangulia, kondo la nyuma limeachia mapema, mji wa mimba umepasuka, au mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka na hayapandi. Dharura isiyo kali hivyo hupewa hadi dakika 75.

Nusu saa ni fupi. Humo mama anawekewa dripu na mpira wa mkojo, anapimwa damu, anachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Kitovu kikibanwa, mtoto hapati hewa, na ubongo wake huanza kuumia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo inauma kuona fomu ya ridhaa imekaa mezani kwa sababu mume hapatikani kwenye simu, au mama mkwe anaomba mkwewe aachwe asukume kidogo tena. Mama mtu mzima mwenye fahamu zake anatia saini mwenyewe. Baba, mwambie mkeo mapema, mbele ya wazazi, kwamba asikusubiri. Tafuteni pia ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia damu, na akiba ya nauli ikae mahali anapopajua mkeo.

Aliyewahi kupasuliwa asijaribu kujifungulia nyumbani wala kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, kwani kovu linaweza kuachia. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu msimpe kabisa. Zinaweza kupasua mji wa mimba hata wa asiye na kovu.

Msingoje uchungu mkiona damu inatoka, mtoto ameacha kucheza, chupa imepasuka na maji ni ya kijani, au kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu. Kitovu kikionekana nje, msikirudishe ndani. Mama apige magoti, kifua chini, makalio juu, wakati mnasubiri usafiri; ndani ya gari alale kwa ubavu wa kushoto, na mto chini ya nyonga. Anayemsindikiza akumbuke saa ambayo mama alikula mara ya mwisho, maana mtoa dawa ya usingizi ataiuliza.

Tanzania, usafiri wa dharura wa mama mjamzito huitwa kwa kupiga 115, bila malipo.