Tezi ya thairoidi na homoni zake

Swali: Tezi ya thairoidi hutokea vipi, na hutengenezaje homoni?

Jibu: Thairoidi huanza kuumbika wiki ya 4 ya mimba kwenye shina la ulimi, kisha hushuka hadi mbele ya koo, chini kidogo ya zoloto. Wapo wachache wanaozaliwa nayo ikiwa imekwama ulimini. Kati ya wiki ya 10 na 12 huanza kunasa madini joto kutoka kwenye damu na kuyapachika kwenye protini iitwayo thairoglobulini. Humo hupatikana T4, yenye atomi 4 za madini joto, na T3, yenye 3. Kabla ya hapo kijusi hutegemea homoni za mama, ndiyo maana mjamzito hapaswi kamwe kukosa madini joto. Yakipungua, tezi ya pituitari huichochea zaidi thairoidi, nayo huvimba na kuwa rovu.