Uzazi wa Wasichana Wadogo, na Yale Yadhaniwayo Kuwa ni Damu

Mtu akisikia kuwa msichana wa miaka kumi na sita amezaa, hufanya haraka kuuliza: Ni wa kabila gani? Mama yake ni nani? Akiisha kujibiwa huona amekwisha kuijua sababu, na moyo wake hutulia. Utulivu huo ni wa bure, kama itakavyobainika.

Mfano ni Mlowo, mji mdogo wa Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Mji huo umo katika njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia. Magari ya mizigo hupita usiku na mchana, na kahawa ya Mbozi huleta fedha kwa msimu, kisha zikatoweka. Katika uchunguzi wa afya wa serikali wa mwaka 2022, Songwe ilikuwa ya kwanza Tanzania: katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hata 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 22.

Ama khabari ya kabila. Katika uchunguzi wa mwaka 2015–16 uliotangulia, mkoa ulioongoza ulikuwa Katavi, kwa 45 katika 100. Mwaka 2022 Katavi ikashuka hata 34. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka saba. Kadhalika Marekani, ambako watu weusi wamesingiziwa sana jambo hili: mwaka 1991, kwa nchi nzima, walizaa wasichana 62 katika kila 1,000, na mwaka 2021 walikuwa 14 tu, na upungufu huo uliingia katika kila rangi.

Ama khabari ya nasaba. Ni kweli kuwa binti wa mama aliyezaa mdogo huwa karibu zaidi na kuzaa mdogo. Lakini kirithiwacho ni hali. Mama alitolewa skuli. Kwa kukosa elimu akakosa kazi. Mtoto akalelewa na bibi asiye na kitu. Na mtoto huyo, daftari na sabuni akazipata kwa mtu wa nje. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania Bara aliyeshika mimba alifukuzwa skuli. Hata tarehe 24 Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kuwa aweza kurejea baada ya kuzaa.

Ama khabari ya kipato. Hapa ndipo penye shina. Katika uchunguzi ule wa 2015–16, wasichana wa nyumba maskini kabisa walikuwa 42 katika 100, na wa nyumba tajiri kabisa 13. Na umaskini si wa nyumba peke yake, huwa wa mtaa mzima: skuli iko mbali, msichana hupanga chumba bila ya mzee, na mlangoni pake hupita mgeni mwenye fedha.

Mgeni huyo ni nani? Ni dereva, ni utingo, ni mchuuzi. Na wamo miongoni mwao wanaume wa Pwani. Mtu humwacha binti yake nyumbani akilindwa, akamkuta binti wa mwenziwe njiani hana mlinzi, kisha akirudi barazani husema: watu wa bara ndivyo walivyo.

Wala walii asidhani kuwa kuoza haraka ni dawa. Mwili wa mtoto haukuzwi na mahari. Na Mahakama ya Rufani, tarehe 23 Oktoba 2019, ilithibitisha kuwa ruhusa ya kumwoza msichana wa miaka 15, iliyomo katika Sheria ya Ndoa ya 1971, yapingana na katiba.

Basi yampasa mwanamume mambo matatu: amlipie binti skuli kabla ya kumtafutia mume, asimfukuze aliyekwisha kuteleza, bali amrejeshe darasani, na ajizuie nafsi yake safarini kama apendavyo wageni wajizuie mlangoni pake.

Maswali ya kuzingatia

1. Katavi yafundisha nini juu ya damu na kabila?
2. Mama humrithisha binti yake kitu gani hasa?
3. Aibu ya Mlowo ni ya nani?