Nobu na Chujio: Kwa Nini Sauti Huruka

Na mwanafunzi wa darasa la juu

Napenda kuwaeleza wenzangu, pamoja na ndugu zetu waliokwisha kumaliza masomo hapa, habari ya jambo linalobishaniwa sana siku hizi katika chama chetu cha muziki. Wengi wenu mwajua kwamba kinanda chetu kidogo hakina sauti yake chenyewe. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ifanye nini, na programu iliyomo katika kompyuta ndiyo itoayo sauti. Juu ya kinanda hicho ziko nobu nane, yaani virungu vidogo vya kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Basi watu husema nobu hizo ni mbovu, kwa sababu zikizungushwa sauti huruka na kukwaruza badala ya kubadilika polepole, na wako watakao ndugu zetu wa zamani waombwe tena kuchanga fedha ili tununue chombo kingine. Mimi nasema tungoje kwanza. Karibu makosa yote hayo hayamo katika nobu, na chombo cha bei mara tano kitaruka vilevile kikifungwa kwa namna ileile.

Yafaa kwanza tujue chujio ni nini. Sauti ya sinthesaiza huanza ikiwa kali, kwa kuwa juu ya sauti ya msingi zimepandana sauti nyingine nyingi nyembamba. Chujio huziacha zipite zile zilizo chini ya mpaka fulani, na kuzizuia zilizo juu yake. Mpaka ukishushwa, sauti yafifia kama ya mtu asemaye ndani ya blanketi. Ukipandishwa, sauti yang'aa. Mpaka huo hupimwa kwa hezi, yaani mitetemo kwa kila sekunde, na katika programu nyingi waweza kuupeleka tangu hezi 20 hivi mpaka 20,000, ambayo ni karibu na uwezo wa sikio la binadamu.

Kinanda na programu husemezana kwa lugha iitwayo MIDI. Ilianza kutumika mwaka 1983, baada ya Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani kuwashawishi watengenezaji wenzao wakubaliane juu ya lugha moja. Mwezi wa Januari mwaka huo, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, vinanda viwili vya kampuni mbalimbali, Prophet-600 na Jupiter-6, viliunganishwa kwa waya, na kimoja kikaweza kukiongoza kingine.

Ukizungusha nobu, kinanda hutuma ujumbe wa baiti tatu. Ya kwanza yasema kuwa kuna nobu iliyoguswa na iko katika chaneli gani kati ya 16. Ya pili yataja nambari ya nobu hiyo. Ya tatu yaeleza imesimama wapi, tangu 0 hata 127. Kwa desturi nambari 74 ni ya mpaka wa chujio, na 71 ni ya resonansi, yaani ule mvumo wa pale mpakani. Lakini si lazima kukariri nambari. Katika programu nyingi, kama Surge XT ambayo hutolewa bure, wabofya picha ya chujio kwa kitufe cha kulia cha kipanya, waiambia ijifunze, wazungusha nobu unayoitaka, na kazi imekwisha. Ni rahisi mno, na nadhani ndiyo sababu watu huishia hapo.

Sasa tazameni hesabu. Nobu ina hatua 127 tu, na safari ya chujio ni tangu hezi 20 mpaka 20,000. Mtu asiyefikiri atagawanya sawasawa, kila hatua ipate hezi 157 na kidogo. Hatua ya kwanza basi yautoa mpaka hezi 20 na kuufikisha 177. Wanakwaya wajua kwamba kutoka do mpaka do ya juu mitetemo huongezeka mara mbili: la ya hezi 440, na la ya juu yake hezi 880. Kutoka 20 hata 177 ni zaidi ya oktavi tatu, zote zimerukwa kwa hatua moja! Ikifika hatua ya nne mpaka umepita hezi 640, nayo ni oktavi tano, nusu nzima ya safari kwa kadiri ya sikio. Huku mwisho, hatua ya 127 yautoa mpaka 19,843 na kuupeleka 20,000, jambo ambalo hakuna sikio litakalolitambua. Mchezaji aona kwamba nobu yake huruka mwanzoni na kulala usingizi baadaye, naye huilaumu nobu.

Sikio halijumlishi, sikio huzidisha. Kwa hiyo kila hatua yapaswa kuzidisha mpaka kwa kiasi kilekile, nacho ni 1.056 hivi, wala si kuongeza hezi zilezile. Hapo hatua ya kwanza yatoka 20 kwenda 21, na nobu ikisimama katikati, yaani 64, mpaka utakuwa kwenye hezi 650 hivi. Robert Moog aliyafuata haya katika mitambo yake ya miaka ya 1960, ambapo volti moja ikiongezwa ilipandisha oktavi moja. Programu nzuri hufanya hivyo zenyewe. Lakini ukiifunga nobu kwa kupitia programu ya katikati, au ukijiandikia yako kama wafanyavyo wenzetu wa darasa la kompyuta, hapana budi uangalie jambo hili kabla ya jingine lolote.

Hata tukizidisha vyema, ngazi ingalipo. Safari yote ni karibu oktavi kumi, na kila oktavi ina nusu toni 12, kwa hiyo kila hatua ya nobu ni karibu nusu toni nzima, kama kutoka mi kwenda fa. Ukizidisha resonansi na kuzungusha polepole, wasikia chujio likipanda ngazi kama mtoto apigaye vibao vyote vya kinanda kimoja baada ya kingine. Tena kompyuta hutengeneza sauti kwa vipande 44,100 kila sekunde, na ujumbe mmoja katika waya wa MIDI wa asili, upelekao biti 31,250 kwa sekunde, huchukua karibu elfu moja ya sekunde. Katikati ya ujumbe na ujumbe hupita vipande zaidi ya 40 ambavyo programu haina habari mpya. Ikiruka ghafla kila ujumbe ufikapo, ndipo wasikia ule mkwaruzo kama zipu ya koti.

Dawa yake ni kulainisha. Programu isirukie mahali papya, bali kwa kila kipande isogee sehemu ndogo ya umbali uliobaki. Ikisogea sehemu moja katika 882, basi baada ya sehemu 20 za elfu ya sekunde itakuwa imekwenda asilimia 63 ya njia, na baada ya sehemu 60, asilimia 95. Ukilainisha kidogo mno, mkwaruzo wabaki. Ukizidisha mno, nobu yawa nzito kama mlango uliovimba kwa mvua, mkono umefika na sauti ingali njiani.

Hapa pana siri ambayo wengi huipita: ulainishe hatua za nobu kwanza, kisha ndipo uzigeuze ziwe hezi. Tuseme umeifungua nobu yote mara moja. Ukilainisha hezi zenyewe, baada ya zile sehemu 20 mpaka utakuwa umefika 12,600 hivi, yaani oktavi tisa kati ya kumi zimekwisha, na sauti yalipuka. Ukilainisha hatua, mpaka utakuwa karibu 1,570, nao wapanda kwa utulivu. Muda ni uleule, mkono ni uleule, lakini msikilizaji asikia vitu viwili.

Liko na kosa la tatu, ambalo halina uhusiano na hayo. Nobu yako imesimama 100. Wafungua sauti nyingine ambayo chujio lake liko 30. Waigusa nobu kidogo tu, nayo yatuma 101, na chujio larukia huko mbele ya watu. Kulainisha hakutasaidia. Katika programu kama Ableton Live waweza kuchagua nobu isisikilizwe mpaka ipite kwanza pale chujio lilipo. Wengine hawalipendi, maana nobu huonekana imekufa kwa kitambo, lakini kwa siku ya tamasha mimi nalichagua hilo. Ziko na nobu zisizo na mwisho, zinazotuma tu habari ya kupanda au kushuka. Hizo hazina shida hii kabisa.

Najua nitaulizwa kama chombo kipya hakiwezi kuwa na hatua nyingi zaidi. Chaweza. Tangu zamani MIDI yaruhusu nambari mbili kuungana na kutoa hatua 16,384, na MIDI 2.0 iliyopitishwa mwaka 2020 yatoa nyingi kuliko mkono uwezavyo kutambua. Lakini programu nayo lazima iifahamu lugha hiyo, au fedha imepotea.

Basi kabla ya kuandika barua ya kuomba mchango, mmoja wetu ashike noti moja ya chini na kuzungusha nobu polepole kwa sekunde tano. Mabadiliko yote yakitokea mwanzoni, mgawanyo ndio mbaya. Kukiwa na ngazi na mkwaruzo njia nzima, kulainisha kumesahauliwa. Ikiruka mara ya kwanza kuguswa tu, ni lile la tatu. Kisha aondoe mkono kabisa na kutazama nambari katika kioo cha kompyuta. Zikichezacheza zenyewe, 63, 66, 62, hali hakuna mtu aliyeigusa, hapo ndani ya nobu mna vumbi au imechakaa, na hiyo ndiyo ya kupelekwa kwa fundi.