Jiko la Kuota Moto: Tulitengeneze au Tununue Jingine?

Kuanzia Juni hadi Agosti wenzetu wa Makete, Njombe, Mufindi na Lushoto hawahitaji kuelezwa baridi ni nini. Miezi hiyo jiko la mkaa lililopikia ugali wa jioni huingizwa chumbani ili watoto walale katika joto. Ndipo linapozuka swali la nyumba nyingi: jiko limechakaa, je, tulipeleke kwa fundi au tununue jipya?

Jiko la bati lenye udongo ndani huanza kuharibika kwenye udongo. Ufa mwembamba si sababu ya kukimbilia dukani; huzibwa kwa udongo mpya. Udongo ukimeguka vipande na bati bado ni zima, badilisha udongo peke yake. Lakini kitako kikiliwa na kutu hata makaa yakadondoka, jiko hilo limekwisha, na kulifunga waya ni kutafuta moto wa nyumba.

Hata hivyo, ni vema kufahamu jambo moja kabla ya kutoa fedha. Jiko la mkaa lisilo na bomba la moshi, liwe bovu, liwe limetengenezwa, liwe limetoka dukani leo, halifai katika chumba cha kulala. Wengi wetu huamini kwamba mkaa ukishaiva ukawa mwekundu bila moshi hauna madhara. Sivyo. Mkaa huo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Huanza kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hapati hata dalili hizo za kumwonya. Mtoto aliye tumboni huathirika hata kama mama amepata nafuu.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo atengeneze jiko lake la kupikia, alitumie mahali penye hewa. Mwenye kutaka joto la ndani ajiwekee akiba ya jiko la kujengea lenye bomba linalotoka nje na kupita juu ya paa.

Jiko la namna hiyo nalo hutunzwa. Moshi ukirudi chumbani, mara nyingi bomba limejaa masizi. Lisafishwe kabla ya msimu wa baridi. Kipande cha bomba kilichotoboka hubadilishwa chenyewe. Lakini mwili wa jiko ukipasuka hata moshi ukatokea ubavuni kabla ya kufika kwenye bomba, usizibe tena na tena. Kwa maoni yetu, ufa uliozibwa ukafunguka katika msimu uleule unadai jiko jingine. Bomba lisiguse mbao wala nyasi za paa, na dirisha liachwe wazi kidogo, hata kama baba mwenye nyumba analalamika.

Wakati akiba inaendelea kukua, familia iote moto jikoni, milango ikiwa wazi, kisha iende kulala bila jiko. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa kizito hupasha kitanda. Watoto wavalishwe soksi na kofia.

Ukikuta watu wamezidiwa chumbani, fungua milango na madirisha, watoe nje mara moja, kisha jiko. Usikae ndani kuwaamsha, nawe utaanguka. Kuwanywesha maziwa, kama wengi wanavyofanya, hakuondoi gesi kwenye damu, na aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa. Asiyepumua apuliziwe pumzi mdomoni na anayejua. Wote wapelekwe hospitali wakapewe oksijeni, hata yule anayesema amepona, na mganga aelezwe kwamba chumbani kulikuwa na jiko la mkaa.