Usukani wa trekta ukicheza, usikimbilie kukaza

Wakulima wenzangu, juzi nilipanda Massey Ferguson 135 ya kikundi kimoja. Unazungusha usukani karibu robo mzunguko, tairi hazijashtuka. Na ndiyo hiyo inayovuta tela la mahindi, watu juu!

Tukazima injini. Dereva akatikisa usukani, mimi nikatazama mikono miwili inayotoka kwenye boksi. Mikono ikienda na tairi zisifuate, bolijointi zimekwisha, boksi liacheni. Yetu haikusogea, tukafungua.

Ndani grisi tupu. Oili sili ilipovuja, mtu alishindilia grisi. Hiyo husukumwa pembeni na hairudi kwenye gololi. Tandika kitambaa kabla ya kuchomoa shafti, hesabu gololi zote. Zikiwa na vidonda badili zote pamoja, na kama njia zake kwenye shafti zimechimbika, gololi mpya ni hela ya bure, nunua na shafti.

Ukifunga, zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Sehemu ya katikati ndiyo inayolika zaidi, kwa hiyo ukikaza mpaka pale pasicheze kabisa, kwenye kona utabana. Heri ucheze kidogo. Halafu jaza oili ya gia namba 90, siyo grisi.